Saa Kumi Hadi Saa Kumi: Buguruni–Dodoma kwa Basi, Treni na Ndege

Daftari langu la vipimo lina kurasa ambazo wateja hawazijui. Mbele nimeandika viuno, mabega na urefu wa mikono ya watoto wa shule wa Buguruni, Vingunguti na Ilala. Nyuma, kuanzia ukurasa wa mwisho kurudi ndani, nimeandika nauli. Si nauli ya tiketi peke yake. Kila shilingi iliyotoka mfukoni tangu nifunge mlango wa chumba changu Buguruni Malapa mpaka nikae kwenye kigoda cha dada yangu, Majengo, Dodoma, imo humo.

Mimi ni fundi cherehani. Nashona sare za shule, na dada ana duka dogo jirani na Soko la Majengo. Mwaka 2025 nilikwenda Dodoma mara tatu, na kila safari ilikuwa na chombo chake: Januari basi, Juni treni, Septemba ndege. Sikukaa chini nikapanga kulinganisha. Safari ya kwanza iliamuliwa na mzigo, ya pili na mfuko, ya tatu na msiba. Ni baadaye tu, nikipekua daftari kutafuta kipimo cha mteja, ndipo nilipoona zile kurasa tatu zimekaa pamoja, nikaanza kujumlisha.

Buguruni ni mahali pazuri pa kuanzia hesabu kama hii. Ukitoka kituo cha Sheli ukaifuata Barabara ya Mandela kuelekea bandarini, haupiti muda unafika Tazara, kwenye daraja la juu la Mfugale lililofunguliwa mwaka 2018. Pale iko stesheni ya reli ya TAZARA, ile iliyojengwa kwa msaada wa China kuanzia mwaka 1970 hadi 1975, kilomita 1,860 mpaka Kapiri Mposhi, Zambia. Ukikata kulia hapo kwa Barabara ya Nyerere unaelekea uwanja wa ndege. Ukirudi kwa Mnyamani unaikuta reli ya kati, ile ya Wajerumani walioanza kuijenga mwaka 1905, na ubavuni mwake reli mpya ya SGR yenye nyaya za umeme juu. Kwa hiyo mkazi wa Buguruni analala akisikia honi ya treni na anaamka akisikia ndege ikishuka. Chombo kilicho mbali naye ni basi, na ndicho anachokipanda siku zote.

Zamani haikuwa hivyo. Stendi ilipokuwa Ubungo, ulipanda daladala moja tu pale Sheli, ukashuka stendi. Siku hizi mabasi ya mikoani yanatoka Stendi ya Magufuli, Mbezi Luis, iliyozinduliwa Februari 2021. Stendi ni kubwa na safi kuliko ile ya Ubungo. Ila iko njia ya kwenda Kibaha, na mtu wa Buguruni mwenye mzigo anaijua tofauti hiyo kwenye mfuko wake.

Basi

Januari ni mwezi wa mavuno kwa fundi wa sare. Shule zinafunguliwa, wazazi wanakimbizana. Nilikuwa nimenunua vitambaa vya jora Kariakoo tangu Novemba, nikashona sketi za bluu, kaptula za kaki na mashati meupe mpaka macho yakauma, nikapakia kwenye mabegi matatu makubwa yale ya mistari tunayoyaita shangazi kaja. Kila moja likivimba kama mtoto aliyeshiba uji.

Saa kumi alfajiri bajaji ilikuwa mlangoni. Dereva, kijana wa mtaani kwetu, aliyatazama mabegi, akanitazama mimi, akasema, "Fundi, hapa tunahama au tunasafiri?" Tulipatana shilingi 15,000. Begi moja lilikaa na mimi, mawili yakafungwa nyuma kwa mpira, tukaikamata Mandela. Barabara saa hiyo ni ya malori yanayotoka bandarini na sisi. Ubungo tukapita chini ya Daraja la Kijazi, Kimara taa zikawa chache, na Mbezi tulifika adhana inasikika.

Nje ya geti wapagazi walikuwa wameshajua begi lipi ni la nani kabla bajaji haijasimama. Tiketi nilikuwa nimekata kwa simu: 30,000, basi la daraja la kati. LATRA, mamlaka ya kudhibiti usafiri wa ardhini, hupanga ukomo wa nauli kwa kila abiria kwa kilomita, na mwisho wa mwaka 2023 daraja la kawaida liliwekewa shilingi 48.47 kwa kilomita moja. Kwa kilomita kama 450 za Dodoma hiyo inakuja karibu 22,000. Ningeweza kupanda la kawaida. Lakini nilitaka basi lenye buti kubwa.

Na kwenye buti ndipo nauli ya pili inapokatwa, ile isiyoandikwa kwenye tiketi.

"Mkuu, haya ni 30,000," alisema utingo, akiyapigapiga mabegi kama anayepima tikiti maji.

"Thelathini ni nauli yangu mimi mwenyewe. Kwani mabegi yanakaa kwenye siti?"

"Siti yanachukua ya mwenzako kule chini."

Tulivutana mpaka 20,000. Yeye alilalamika kwamba ni mazito, mimi nikamwambia ni nguo tu. Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi, na asubuhi ile kila mmoja wetu aliamini kwamba mwenzake ndiye anayebeba usufi.

Saa kumi na mbili kamili tuliondoka. Nitasema kweli: basi lina raha yake. Ukiwa dirishani unaiona nchi ikikusalimia kwa bidhaa. Mlandizi, Chalinze, halafu Morogoro pale Msamvu, ambako vijana walileta maji, korosho na chaja za simu mpaka usawa wa kioo. Dumila nyanya na vitunguu vimepangwa kwa mafungu kando ya barabara. Gairo ni viazi vitamu. Kibaigwa, kwenye soko la mahindi, magunia yamepangwa kama ukuta. Mama aliyekaa siti ya mbele yangu alikuwa ameshanunua vitu vya kutosha kufungua genge kabla hatujaingia Mkoa wa Dodoma.

Lakini basi lina mwendo wa aina mbili. Kuna mwendo wa dereva na kuna mwendo wa barabara. Kila kijiji kina kibao cha hamsini, na baada ya kibao, chini ya mwembe, kuna askari wa usalama barabarani na tochi yake. Tulikwenda, tukapunguza, tukakwenda, tukapunguza, kama cherehani yenye mkanda uliolegea. Mahali fulani baada ya Morogoro basi lilisimama na kondakta akatangaza kwa sauti ya heshima kwamba sasa ni muda wa kuchimba dawa. Wanaume upande huu, wanawake upande ule, dakika tano. Mzee mmoja aliyekuwa na fimbo alichukua dakika kumi na tano na hakuna aliyemsemesha.

Tuliingia stendi ya Nanenane saa tisa na nusu. Bajaji nyingine, 5,000, mpaka Majengo. Dada alikuwa mlangoni mwa duka. Niliangalia simu: saa kumi kamili jioni. Nilikuwa nimetoka nyumbani saa kumi alfajiri.

Daftari linasema hivi. Bajaji Buguruni–Mbezi 15,000. Wapagazi 3,000. Tiketi 30,000. Mzigo 20,000. Chakula njiani 6,000. Bajaji Nanenane–Majengo 5,000. Jumla 79,000, na saa kumi na mbili za mwili wangu. Tiketi ilikuwa chini ya nusu ya gharama.

Treni

Mwezi Juni dada alitaka mzigo wa muhula wa pili, na mfuko wangu ulikuwa umenywea. Nilipiga simu kwa mtoto wa shangazi yangu anayeishi Hamburg, si kuomba pesa, ingawa yeye alipopokea alijua simu za namna hiyo zinaelekea wapi. Tukaishia kuzungumza nauli.

Binamu anasema kwao mambo yamegeuka chini juu. Mwenye haraka asiye na pesa anapanda ndege, na anayetaka kukaa kwa raha analipia treni. Ukikata tiketi mapema, mashirika kama Ryanair yanaweza kukuvusha kutoka nchi moja hadi nyingine kwa pesa ya chakula cha mchana mgahawani. Ila ukifika langoni na begi lililozidi kipimo, begi litalipiwa kuliko mwenye begi. Nikacheka, nikamwambia huyo ni utingo wangu wa Mbezi amevaa suti. Wanafunzi na wahamiaji wanapanda mabasi ya kijani ya FlixBus, yaliyoanza Ujerumani mwaka 2013, wanalala njiani na kuokoa pesa ya gesti. Na mwaka 2023 serikali yao ilianzisha tiketi ya mwezi mzima kwa euro 49, ambayo mwaka 2025 ilifika euro 58. Ukiwa nayo unapanda treni za mikoani, mabasi na tramu nchi nzima, isipokuwa zile treni za mwendo wa kasi.

"Sasa nyinyi SGR yenu shilingi ngapi?" akaniuliza.

"Thelathini na moja elfu. Dar mpaka Dodoma."

Akanyamaza kidogo akipiga hesabu. "Hiyo kwetu haikutoi nje ya mji."

Hiyo 31,000 ndiyo nauli iliyotangazwa na LATRA mwaka 2024 kwa treni ya kawaida. Ile ya haraka iko juu zaidi, na treni yenye kichwa kilichochongoka, ambayo watu wameipa jina la mchongoko, ina madaraja yake ya wenye nafasi. Treni za abiria za Dodoma zilianza Julai 25, 2024, na Rais Samia Suluhu Hassan akazindua huduma rasmi Agosti mosi. Zinakwenda mpaka kilomita 160 kwa saa. Wengine wanasema ni rahisi mno kwa treni ya namna ile. Mimi nasema si rahisi, ila imelipiwa na wengi. Reli ilianza kujengwa mwaka 2017 kwa pesa na mikopo ya taifa zima, na mimi nilikuwa nimeshaanza kuilipia kwenye kodi ya vitambaa kabla sijaipanda.

Shida ilikuwa mashangazi kaja. SGR ina taratibu za mizigo, na treni ile si ya kupandia na magunia. Nilikuwa nazijua hizo taratibu, kwa hiyo sikwenda kubishana na mtu. Nilifanya kitu ambacho wafanyabiashara wengi wa Kariakoo walishakigundua: mzigo na mwenye mzigo tuliachana. Jioni ya siku iliyotangulia nilipeleka mabegi matatu kwenye ofisi ya mizigo ya basi Kariakoo, bajaji 5,000, mzigo 24,000. Wakaniandikia risiti na namba ya simu ya kupokelea. Tangu Oktoba 2023 mabasi yameruhusiwa tena kusafiri usiku, kwa hiyo wakati mimi naota ndoto Buguruni, sare zangu zilikuwa zinapita Chalinze.

Asubuhi nilipanda daladala pale Sheli kwa shilingi 600 mpaka mjini nikiwa na begi moja la mgongoni. Sijawahi kusafiri mkoani mwepesi namna ile. Nilijiona kama mtu aliyetoroka.

Stesheni ya SGR imejengwa kwa umbo la jiwe la tanzanite. Ndani unapita ukaguzi kama wa uwanja wa ndege: begi kwenye mashine, tiketi, kitambulisho. Tiketi yangu ilikuwa kwenye simu, nimelipia kwa namba ya malipo. Geti hufungwa kabla ya treni kuondoka, na yule dada wa getini hana habari na foleni ya Kariakoo iliyokuchelewesha. Mtu aliyezoea kulikimbilia basi likiwa linatembea, kondakta akimvuta mkono, inabidi abadilike.

Treni iliondoka kwa dakika ile ile iliyoandikwa. Niliandika hilo daftarini kwa sababu nilijua sitaaminiwa. Tulipita juu ya daraja, paa za Ilala zikiwa chini yetu, na kwa mara ya kwanza maishani nikaitazama mitaa ya kwetu kutoka juu: mabati yenye kutu, matenki ya maji, nguo zilizoanikwa. Baada ya Pugu mwendo ukapanda. Kioo cha ndani ya behewa kilipoandika 160, watu walitoa simu wakapiga picha kile kioo.

Jirani yangu wa siti, mtumishi wa wizara fulani anayekwenda na kurudi kila wiki, alikuwa ameshachoka kupiga picha. "Leo bundi wamelala," akaniambia. Alikuwa anakumbuka mwaka 2024, Shirika la Reli, TRC, lilipoeleza kwamba bundi na ngedere waligusa miundombinu ya umeme na treni zikakwama. Nchi nzima ilicheka wiki mbili. Yeye alisema hacheki tena, kwa sababu tangu wakati huo amewahi vikao vyake vyote.

Kitu nilichokikosa ni dirisha. Nilipokuwa mdogo mama alinichukua kwa treni ya zamani kwenda Tabora, daraja la tatu, siku na usiku wake. Kila stesheni mikono iliingia dirishani: kuku, ndizi, mayai ya kuchemsha, asali kwenye chupa. Kilosa mama alinunua miwa, na mabaki yake yalikuwa miguuni mwetu mpaka Dodoma. Kwenye SGR dirisha halifunguki. Kilosa ilikuwa giza la mahandaki, masikio yakaziba, yakazibuka, tukatokea kwenye milima. Mto Mkondoa ulikuwa pale chini, mtulivu, ule ule ambao mafuriko yake ya mwanzo wa mwaka 2010 yaliichukua reli ya zamani na kuzisimamisha treni za abiria. Kisha Gulwe, Igandu, na mibuyu ya Ugogo ikaanza kupita mmoja mmoja. Kwa basi ningekuwa bado Morogoro namsubiri mzee wa fimbo.

Dodoma nilichukua bodaboda, 4,000. Kutoka mlango wangu mpaka mlango wa dada: saa sita na dakika kumi, ukijumlisha na kule kuwahi getini. Mzigo ulikuwa umeshafika Nanenane kabla yangu, tukautumia bajaji ya 5,000.

Jumla 69,600. Ni pungufu ya basi kwa 9,400, na nusu ya muda. Ukiondoa mzigo, yaani kama ningekuwa mtu na begi lake tu, safari nzima ingenigharimu 35,600. Hapo ndipo nilipoelewa kwa nini mtumishi yule hapandi kitu kingine.

Ndege

Septemba, siku ya Jumanne, saa mbili asubuhi, simu ya dada. Baba mkubwa amefariki. Atazikwa leo baada ya swala ya alasiri.

Baba mkubwa ndiye aliyenifundisha kushika mkasi. Nilikuwa na miaka kumi na mbili, na kitambaa cha kwanza alichonipa kukata kilikuwa shati lake mwenyewe. Hakukuwa na mjadala kama niende. Mjadala ulikuwa nifikeje. Treni ya asubuhi ilikuwa imeshaondoka, na inayofuata ingenifikisha kaburi limeshafukiwa. Basi lisingefika kabla ya isha. Ilibaki ndege.

Kwenye kundi la ukoo la WhatsApp binamu wa Hamburg aliandika ujumbe mmoja: "Nakutumia ya tiketi. Mimi siwahi, niwakilishe." Yule ambaye kwao ndege ni kama daladala hakuwa na ndege ya kumfikisha Dodoma siku ile kwa pesa yoyote. Tiketi ya kwenda tu ilikuwa 245,000. Ni bei ya mtu anayekata siku hiyo hiyo, na wauzaji wanajua kwamba mtu wa namna hiyo hapigi bei.

Nililikumbuka shirika la fastjet. Novemba 2012 walipoanza kuruka hapa nchini kwa mtindo wa Ulaya, walitangaza nauli kuanzia shilingi 32,000 kabla ya kodi. Majirani zangu ambao hawakuwahi kuiona ndege ikiwa chini walikwenda nayo Mwanza na Kilimanjaro, wakarudi na kile kipande cha tiketi wamekihifadhi ndani ya msahafu au Biblia. Mwishoni mwa 2018 ikaacha kuruka Tanzania. Ulaya bei ile inasimama kwa sababu abiria ni wengi mno, ndege moja hujazwa na kumwagwa mara nyingi kwa siku. Kwetu abiria wa hewani bado ni wachache, na ndege zenyewe, vipuri na mafuta vinanunuliwa kwa dola. Hiyo 32,000 tuliyoiaga angani imerudi ikitambaa juu ya reli, imepungua elfu moja.

Kutoka Malapa mpaka Uwanja wa Ndege wa Julius Nyerere ni bajaji ya 8,000, na siku ile haikufika nusu saa. Kwa mkazi wa Buguruni, uwanja wa ndege ndio stendi iliyo karibu kuliko ya Mbezi. Saa tano kamili nilikuwa nimeketi ndani. Ndege ilikuwa ya saa sita mchana.

Saa sita ilipita. Saa saba wakatangaza kuchelewa. Saa nane wakatangaza tena kwa maneno yale yale. Nilikaa nikiangalia saa ya ukutani. Abiria mwenzangu mwenye kompyuta mapajani alikasirika kwa ajili ya mkutano wake, akampigia mtu simu, akaahirisha. Mimi nilikuwa na shughuli isiyoahirishwa.

Tuliruka saa nane na dakika arobaini. Saa moja baadaye tulikuwa tumetua, na hapo uwanja wa zamani wa Dodoma ukaniokoa. Kiwanja kile kiko katikati ya mji. Ukitoka getini unakutana na bodaboda wanaokuita mzee. Nilimwambia mmoja, "Kijana, msikiti wa Majengo, kuna jeneza linanisubiri." Hakuuliza bei. Aliendesha kama mtoto wa marehemu. Watu walikuwa wanasimama safu nilipovua viatu. Niliunga safu ya mwisho kwenye takbira ya kwanza.

Baadaye, makaburini, nilitia mchanga wangu viganja vitatu. Kijana wa bodaboda nilimpa 3,000 akakataa kuongezwa.

Daftari linasema: 256,000. Muda, kutoka mlangoni mpaka msikitini, ni saa tano na robo. Yaani ndege, siku ile, iliipita treni kwa chini ya saa moja, kwa bei inayozidi mara saba ile ya mtu asiye na mzigo. Na sijutii hata senti.

Hesabu

Kwenye tiketi tatu nilizonazo nauli ni 30,000, 31,000 na 245,000. Ukizisoma hizo tu utasema basi ndilo la bei nafuu. Daftari linasema vingine, kwa sababu tiketi huanza kuhesabu stesheni na mtu huanza kulipa mlangoni kwake.

Kwa hiyo ukiniuliza, jibu langu ni hili. Ukiwa na mzigo, mzigo uende kwa basi. Wewe nenda kwa treni, hata kama ni mzigo wako unaoupenda, mtakutana huko huko. Ukiwa na begi moja na unaishi upande wetu wa Buguruni, Ilala au Kariakoo, usihangaike na Mbezi, treni inalishinda basi kwa kila kitu isipokuwa viazi vya Gairo. Lakini ukiwa unaishi Kibaha au Mbezi kwenyewe, kaa hapo hapo ulipo, panda basi, kwa sababu nauli ya kuifuata treni mjini itakula faida yote. Mwenye kwenda Mbeya atapiga hesabu yake nyingine na TAZARA. Na ndege usiifuate kwa sababu ya mwendo tu, maana mwendo wake unaweza kubaki umekaa kwenye kiti cha kusubiria. Ifuate siku ambayo hakuna kingine kitakachokufikisha, na uikate mapema kama siku yenyewe inakuruhusu.

Kabla hujalipa namba ya malipo yoyote, chukua kipande cha karatasi. Andika bajaji ya kwanza na bajaji ya mwisho, andika mzigo, andika chakula, na pembeni andika saa utakayofunga mlango wako na saa utakayobisha mlango wa mwenyeji wako. Ukikosa karatasi, njoo Malapa. Kwenye daftari langu bado kuna kurasa nne za nyuma.